Thuluthi Isiyo na Mwenyewe: Kisa cha Kifungu cha 27(8) cha Katiba ya Kenya

Tuanzie Lamu, maana hesabu yake ni ndogo na inaingia kichwani bila karatasi. Bunge la Kaunti ya Lamu lina wadi 10. Tuseme siku ya uchaguzi wadi zote 10 zimechagua wanaume. Kufikia hapo hakuna aliyevunja sheria, kwa kuwa mpiga kura humchagua amtakaye. Lakini Kifungu cha 177 cha Katiba ya 2010 kinataka viti maalum viongezwe, kwa idadi yoyote itakayohitajika, hadi jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya bunge hilo. Wanaume 10 ni thuluthi mbili ya 15. Basi wanaongezwa wanawake 5 kutoka orodha za vyama, kila chama kwa kadiri ya viti kilivyoshinda, na kazi inaanza. Angechaguliwa mwanamke mmoja wadini, wangeongezwa 4. Wangechaguliwa 4, asingeongezwa hata mmoja. Kadiri wapiga kura wanavyochagua wanawake, ndivyo viti vya nyongeza vinavyopungua vyenyewe. (Naviacha kando viti vya vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine, navyo vina hesabu yake.)

Sasa twende Nairobi. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika: 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wa wanawake 47, mmoja kila kaunti, na 12 wa kuteuliwa na vyama. Kanuni ni ile ile ya thuluthi mbili, yaani wanawake wasipungue 117. Ila ukisoma Kifungu cha 97 mara mia hutaona mstari unaosema kifanyike nini wakipungua. Seneti ni hivyo hivyo. Kifungu cha 98 kinataja maseneta 47 wa kuchaguliwa, wanawake 16 wa kuteuliwa, vijana wawili, watu wawili wenye ulemavu, na kinafunga mlango hapo. Kaunti zilipewa spana. Bunge likapewa nasaha.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa wanawake na wanaume, na kwenye redio hunoga kikisimuliwa hivyo. Mimi nakiona kama kisa cha deni. Mdai yuko, hati iko, hata tarehe ya kulipa iliandikwa. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: hili ni langu, nitalilipa.

Kifungu chenyewe kinasemaje

Kifungu cha 27 kinafungua kwa maneno yasiyo na mpinzani: kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Kijifungu cha 3 kinasema wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa, pamoja na kupata nafasi sawa katika siasa, uchumi, utamaduni na maisha ya jamii. Cha 4 kinaikataza Serikali kumbagua mtu kwa jinsia yake, kabila lake, dini yake na mengineyo mengi. Cha 6 kinaiamuru Serikali hiyo hiyo ichukue hatua, ikiwemo mipango ya upendeleo maalum, ili kurekebisha hasara waliyoipata watu kwa kubaguliwa zamani. Na kinaeleza sababu: ili haki za kifungu hiki zitimie kikamilifu. Cha 7 kinaweka mpaka kwamba hatua hizo ziwafae wenye uhitaji wa kweli. Nakuomba ukishike hicho cha 7, tutakirudia. Cha 8 ndicho chenye thuluthi: Serikali itachukua hatua za kisheria na nyinginezo kutekeleza kanuni kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Kifungu cha 81(b) kinairudia kanuni hiyo pale kinapoeleza mfumo wa uchaguzi.

Angalia mambo mawili. La kwanza, hakuna neno "mwanamke" katika kanuni ya thuluthi. Siku Bunge la Kenya likijaa wanawake asilimia 80, kifungu hicho hicho kitawatetea wanaume. La pili, na hili ndilo zito zaidi, upendeleo maalum haukuwekwa pembeni kama msamaha au kama ruhusa ya kuvunja usawa kidogo. Uko ndani ya kifungu cha usawa chenyewe, vijifungu vichache chini ya sentensi ya kwanza. Marekani wamebishana juu ya jambo hili tangu kesi ya Bakke ya 1978 hadi uamuzi wa Juni 2023 uliovizuia vyuo vikuu kuitazama rangi ya mwombaji. Katiba yao inaahidi ulinzi sawa wa sheria, kisha juu ya upendeleo maalum inanyamaza, na majaji wamekaa miaka 45 wakiufasiri ukimya huo. Kenya haikuwa na ukimya wa kufasiri. Wapiga kura wa Agosti 4, 2010 waliupitisha mstari huo ukiwa umeandikwa peupe.

Na hawakuuandika kwa pupa. Grace Onyango aliingia Bungeni kutoka Kisumu mwaka 1969, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge tangu uhuru. Miaka 28 baadaye, 1997, Phoebe Asiyo alipeleka hoja ya kutaka hatua maalum za kuongeza wanawake, ikaangushwa. Mwaka 2007 Martha Karua, akiwa Waziri wa Haki, alijaribu na mswada wa viti 50 vya wanawake. Haukupata kura zilizohitajika. Bunge lililochaguliwa mwisho wa mwaka huo lilikuwa na wanawake 22 kati ya watu 222. Aliyepiga kura ya ndiyo 2010 alikuwa ameshaonyeshwa kwamba wabunge wenyewe hawatalifanya jambo hili kwa hiari. Ndiyo maana nashangaa hadi leo: kwa nini, baada ya mafunzo yote hayo, ufunguo wa Bunge ukaachwa mikononi mwa Bunge? Kumkabidhi fisi bucha ni jambo moja. Sisi tulimkabidhi bucha kisha tukamwomba atunge sheria ya kuilinda nyama.

Majaji saba na thuluthi ya jaji

Jaribio la kwanza lilikuja haraka. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu, iliyo juu ya mahakama zote nchini, iliundwa kwa mara ya kwanza ikiwa na majaji 7, na wanawake wawili tu kati yao: Nancy Baraza, Naibu Jaji Mkuu, na Njoki Ndung'u. Thuluthi moja ya 7 ni 2.33. Chama cha mawakili wanawake, FIDA, kikaenda Mahakama Kuu kusema kwamba wawili hawatoshi. Kikashindwa. Mahakama ilikiona Kifungu cha 27(8) kama lengo linalosubiri hatua za Serikali, na si haki ambayo mtu anaweza kuidai papo hapo.

Neno hilo, "lengo", lilikaa moyoni mwa wengi. Mwishoni mwa 2012, uchaguzi mkuu ukikaribia, Mwanasheria Mkuu Githu Muigai aliiomba Mahakama ya Juu ushauri: je, Bunge litakalochaguliwa Machi 4, 2013 lazima litimize thuluthi, au jambo hili ni la kwenda hatua kwa hatua? Jibu lilitoka Desemba 11, 2012. Majaji walio wengi walisema ni la hatua kwa hatua, ila wakaweka kikomo: sheria iwe imepatikana kufikia Agosti 27, 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alikataa. Kwake, historia ya kubaguliwa kwa wanawake na maneno ya Katiba yenyewe yalitaka kanuni itimizwe katika uchaguzi uliokuwa mbele yao.

Wenzake walikuwa na hofu ya kweli, sitaki kuidharau. Uchaguzi ulikuwa umebaki chini ya miezi mitatu. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza baada ya ule wa 2007 uliomwaga damu. Kusema Bunge jipya litakuwa batili kabla halijaapishwa ni kucheza na kiberiti karibu na petroli. Lakini nadhani walikosea, na kosa lenyewe ni la tabia ya binadamu zaidi kuliko la sheria. Mwambie mdaiwa "lipa leo" atahangaika, ataazima. Mwambie "lipa ukipata, lakini usipitishe miaka mitatu", naye ataoa, atajenga, atanunua gari, na mwezi wa mwisho atakuja kukuomba mwaka mmoja zaidi. Ndivyo ilivyokuwa. Juni 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alimpa Mwanasheria Mkuu na tume ya utekelezaji wa Katiba siku 40 waandae mswada. Agosti ilipofika, Bunge lilijiongezea mwaka mmoja, kama Kifungu cha 261 kinavyoruhusu, mara moja tu.

Kengele inalia, viti vitupu

Uchaguzi wa 2013 ulileta wanawake 16 kutoka maeneo bunge 290. Ukijumlisha wale 47 wa kaunti na 5 wa kuteuliwa, unapata 68. Seneti haikupata hata mwanamke mmoja wa kuchaguliwa.

Mswada uliobeba matumaini uliletwa na Aden Duale, kiongozi wa walio wengi na mbunge wa Garissa Mjini. Wazo lake lilikuwa lile la Lamu: baada ya uchaguzi hesabu ifanywe, na upungufu ujazwe kwa orodha za vyama. Sasa hebu tuhesabu, kwa sababu hapa watu wengi hukosea, wakiwemo wanaojua kusema sana. Ukiwa na wanawake 68 na unataka 117, akili ya haraka inasema ongeza 49. Sivyo. Kila kiti unachoongeza kinaikuza jumla, na thuluthi nayo inasogea mbele. Anza na wanaume: walikuwa 281. Ili 281 wasizidi thuluthi mbili, Bunge lazima liwe na watu 422. Yaani viti 73 vipya, vyenye mishahara 73, ofisi 73, magari na marupurupu. Mwananchi anayelipia unga bei isiyoshikika akisikia hesabu hiyo, hasira yake usiidhanie chuki kwa wanawake.

Kubadili muundo wa Bunge kulihitaji kura 233, ambazo ni thuluthi mbili ya 349. Kinaya hicho hakikumpendeza yeyote: kupata thuluthi, utafute thuluthi mbili kwanza. Hata wanawake wote 68 wangesema ndiyo, walihitaji wanaume 165. Aprili 2016 zilipatikana kura 195. Pungufu 38. Mswada ukarudishwa Mei, zikapatikana 178.

Namba hizi hazielezi kilichotokea bila kujua kura ya aina hii hupigwaje. Spika anaagiza kengele ilie kuwaita wabunge. Inalia korido zote, inalia mkahawani. Kisha milango inafungwa, aliye ndani anahesabiwa, aliye nje ameshapiga kura yake kwa miguu. Kwa mswada unaohitaji idadi kamili, kutokuja ni sawa na kusema hapana, tena hapana isiyo na jina. Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya Bunge, inaandika waliosema ndiyo na waliosema la. Aliyekuwa akinywa chai haimwandiki popote. Mwenye kupinga kwa sauti angalau unaweza kumjibu.

Bunge lililofuata lilirudia wimbo ule ule. Uchaguzi wa 2017 ulileta wanawake 23 wa maeneo bunge, na jumla ikawa 76. Novemba 2018 mswada ulirudi, safari hii Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wote wakiuunga mkono, miezi michache baada ya mahasimu hao kupeana mkono wa maridhiano. Nilidhani umepita. Kura ikaahirishwa kwa kuwa idadi haikuonekana, na ilipofika siku yenyewe, Februari 2019, waliokuwa ukumbini hawakufika 233. Vinara wawili waliokuwa na uwezo wa kumng'oa mbunge yeyote kwenye kamati kwa simu moja walishindwa kuwatoa wabunge wao mkahawani. Amini ukitaka.

Barua ya Maraga

Waliotunga Katiba waliweka silaha moja ya mwisho. Kifungu cha 261 kinasema Bunge likishindwa kutunga sheria kwa wakati, mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu, Mahakama ikatoa agizo lenye muda, na muda ukipita Jaji Mkuu atamshauri Rais avunje Bunge, na Rais atalivunja. Hakuna "anaweza". Ni "atalivunja".

Ngazi zote zilipandwa. Machi 29, 2017 Jaji John Mativo alitoa siku 60. Zikaisha. Aprili 2019 Mahakama ya Rufaa ikaliunga mkono agizo lake. Maombi ya kutaka Bunge livunjwe yakarundikana mezani kwa Jaji Mkuu David Maraga, sita kwa jumla, na Septemba 21, 2020 akamwandikia Rais barua. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ikaisimamisha barua hiyo hadi kesi isikizwe, jopo la majaji likaundwa, Maraga akastaafu Januari 2021, na Bunge lile likamaliza muhula wake kwa amani Agosti 2022.

Kisheria sioni Maraga alikuwa na njia nyingine. Kifungu kilimfunga mikono naye akakitii, akijua kitamletea matusi, na yalikuja. Ila tujiulize kwa utulivu: Bunge lingevunjwa kweli, nini kingefuata? Uchaguzi mpya chini ya mfumo ule ule, wenye kura za mchujo zile zile, ungeleta Bunge la sura ile ile, ambalo nalo lingewekewa muda na kushindwa. Silaha ya 261 iliundwa kumtisha mbunge anayeogopa kupoteza kiti. Mbunge wa Kenya haogopi uchaguzi kiasi hicho. Anaogopa zaidi kiti kipya kitakachokuja kukaa jirani na chake.

"Si mna kiti chenu?"

Ukikaa baraza ya kahawa Mombasa majira ya kampeni, mwanamke akitangaza kuwania eneo bunge, haichukui fungu la pili la kashata kabla mtu hajasema: "Huyu naye, si wana kiti chao cha kina mama? Hiki atuachie." Nimelisikia kwa sauti ya mzaha na kwa sauti ya nia. Ni hoja ya kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu ndani yake mna wazo zima la wapinzani wa upendeleo maalum: ukitenga kiti kwa ajili ya kundi, unalijengea kundi hilo ukuta. Waliokusudia kuwafungulia wanawake mlango wakawapa mlango wa uani, na sebuleni wakawekewa bawabu.

Ushahidi, hata hivyo, unakwenda njia mbili. Likoni, ng'ambo tu ya feri kutoka baraza hiyo, ilimchagua Mishi Mboko 2017, na alikuwa ametoka kuwa mwakilishi wa wanawake wa Mombasa. Aisha Jumwa alitoka kiti cha wanawake Kilifi akaenda kuwa mbunge wa Malindi mwaka huo huo. Gladys Wanga alikaa vipindi viwili kama mwakilishi wa wanawake wa Homa Bay kisha 2022 akawa gavana. Kawira Mwangaza naye alitoka kiti hicho Meru akawa gavana mwaka huo huo, tena bila chama. Kwa hao kiti cha kaunti kilikuwa ngazi. Mtu anayezunguka kaunti nzima kuomba kura, maeneo bunge sita au tisa, hutoka akijulikana kuliko mbunge yeyote wa kaunti hiyo, na hilo halikupangwa na mtu.

Upinzani wenye nguvu zaidi ni mwingine. Unasema: usawa mbele ya sheria maana yake kura yangu ihesabike sawa na yako. Nikishachagua, Serikali isije nyuma yangu kuongeza mtu ambaye sikumchagua ili picha ipendeze. Na mwanamume aliyeshinda kwa haki, kwa nini uzito wake upunguzwe?

Nalijibu hivi. Katika mfumo wa nyongeza hakuna mwanamume anayenyang'anywa kiti. Anachopoteza ni ukubwa wa fungu lake katika jumla, na hakuna katiba duniani inayomhakikishia mbunge kwamba wenzake hawataongezeka. Maeneo bunge yalipotoka 210 hadi 290, kila mbunge alipungua uzito na hakuna aliyelia kwamba amebaguliwa. Kuhusu mtu ambaye hukumchagua, wale 12 wa kuteuliwa nao hukuwachagua, na hilo halijawahi kuleta barua ya kuvunja Bunge. Tatizo la wingi wa viti ni la pesa, na la pesa lizungumzwe kama la pesa.

Lakini kuna sehemu ya hoja yao siwezi kuijibu, nayo ni orodha.

Nani anaandika majina

Orodha ya chama huandikwa usiku. Nimewahi kumwona mama aliyefanya kampeni ya chama chake miaka kumi, mlango kwa mlango, kanga ya chama kiunoni, akilifungua gazeti lenye orodha ya walioteuliwa kwenye kaunti na kupitisha kidole jina baada ya jina hadi chini, kisha kurudi juu kuanza upya. Walioteuliwa alikuwa akiwajua kwa jamaa zao. Hakusema kitu. Alilikunja gazeti akaomba maji.

Hiyo ndiyo sababu mpinzani akisema Bungeni kwamba viti hivi ni vya wapenzi na jamaa za wakubwa, ukumbi hucheka na wanawake waliofika pale kwa jasho huinamisha vichwa. Ni tusi, na lina punje ya ukweli, na mchanganyiko huo ndio unaouma. Majirani wanalijua. Tanzania, yenye Katiba inayotaka wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30, ilipeleka wabunge 113 wa aina hiyo katika Bunge la 2020, kwa mgawo wa kura za vyama. Hakuna anayelia Dodoma kwamba idadi haitimii. Malalamiko ya kule ni mengine: ni nani anayeteuliwa, anamtumikia nani, na kwa nini wengine hukaa vitini humo muhula baada ya muhula bila kuonja jimbo. Idadi ukiimaliza, swali la orodha linabaki.

Sasa rudi kwenye kile kijifungu cha 7 nilichokuomba ukishike. Kinasema hatua za upendeleo ziwafae wenye uhitaji wa kweli. Nimesoma mabishano mengi juu ya thuluthi, na hicho hutajwa mara chache mno. Wanaharakati hunukuu cha 6 na cha 8. Wapinzani hunukuu cha 1 na cha 4. Cha 7 kinabaki yatima, na ndicho kingeweza kuwasumbua wakubwa wa vyama kuliko vyote. Binti wa tajiri aliyewekwa juu ya orodha, hasara yake ya kubaguliwa ni ipi? Mswada wa nyongeza usio na masharti juu ya orodha unatimiza cha 8 na kukikanyaga cha 7. Ningekuwa mbunge 2016 ningepiga ndiyo, kisha ningelala vibaya.

Vyombo vya kuteuliwa vimekuwa na safari nyepesi zaidi, na ni vyema kuliona hilo. Desemba 2016 Jaji Joseph Onguto aliamua kwamba Baraza la Mawaziri lililokuwepo lilikiuka thuluthi. Mahakama ya Juu yenyewe, iliyoanza na wanawake wawili kati ya 7, ilifika watatu 2021 chini ya Martha Koome, Jaji Mkuu wa kwanza mwanamke. Hakuna sheria mpya iliyohitajika. Mteuaji akijulikana kwa jina, unajua pa kumshtaki. Bunge la Taifa huchaguliwa na mamilioni, na huwezi kuwapeleka mamilioni kortini.

Mlango ambao haujafunguka

Mteuaji mwenye jina, hata hivyo, yupo kwenye uchaguzi pia. Ni chama. Kabla mpiga kura hajaona karatasi, chama kimeshaamua nani awemo. Desemba 2017 Mahakama Kuu ilisema hivyo hasa: vyama navyo vinafungwa na kanuni ya thuluthi vinapoteua wagombea wa maeneo bunge. Kwangu huo ndio uamuzi wenye akili zaidi katika kisa chote, kwa sababu hauongezi kiti, hauongezi mshahara, na unamwachia mpiga kura neno la mwisho. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilijaribu kuutumia, ikavitaka vyama vipeleke orodha za wagombea zinazotimiza kanuni. Kesi ikafunguliwa, agizo likasimamishwa, uchaguzi ukaendelea kama kawaida.

Uchaguzi huo uliwapa wanawake viti kama 30 vya maeneo bunge. Kumi na sita, 23, 30: saba kila uchaguzi, kama saa ya ukutani. Kiti cha kaunti kinatoa 47 na uteuzi kama 6, kwa hiyo kufikia 117 kunahitajika 64 kutoka maeneo bunge. Wanaosema tuache mambo yaende hatua kwa hatua wana haki ya kupewa hesabu yao pia. Mwaka 2027 watakuwa 37, mwaka 2032 watakuwa 44, mwaka 2037 watakuwa 51, mwaka 2042 watakuwa 58, na mwaka 2047 watakuwa 65, mradi hakuna uchaguzi hata mmoja utakaorudi nyuma.